Kanisa Dogo Lihesabu Umri Wake Kutoka Siku Gani?

Swali: Mimi ni katibu wa kanisa dogo la Baptist lililoko pembezoni mwa mji wa Unguja, lenye washirika wasiozidi hamsini. Mwakani tunakusudia kuadhimisha miaka 30 na nimepewa kazi ya kuandika historia ya kanisa. Wazee hawaelewani. Wapo wanaosema tulianza 1994, watu wachache walipokuwa wakikutana kusali katika chumba cha kupanga. Wengine wanasema tulianza Pasaka ya 1996, ulipofanyika ubatizo wa kwanza baharini, ingawa mzee mmoja anashikilia kuwa ilikuwa Pasaka ya 1997. Daftari la vikao linaonesha kwamba mwaka 1998 watu 17 walitia sahihi kuwa kanisa, na cheti cha usajili ni cha 2003. Niandike mwaka upi, na historia yenyewe niianzie wapi?

Jibu:

Ndugu Katibu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ile picha ya ukurasa wa daftari uliyoiambatanisha nimeikuza mpaka mistari ya alama za vidole ikaonekana. Kwa swali lako la kwanza jibu langu ni fupi: andika 1998. Najua litawakera waliokwisha kuagiza fulana, kwa kuwa kwa hesabu hiyo sherehe ya miaka 30 ni ya mwaka 2028, si ya mwakani. Lakini umemuuliza mtu wa nyaraka, na mtu wa nyaraka akishaona sahihi 17 chini ya azimio lililoandikwa siku ileile, hana tena ruhusa ya kuchagua tarehe kwa kutazama fulana.

Sababu ya jibu hilo inatoka katika imani yenu wenyewe. Kwa Waanglikana na kwa Wakatoliki, kanisa la mahali huwapo chini ya askofu, na parokia huwa parokia pale askofu anapoiunda. Kwa hiyo mwandishi wa historia yao hutafuta barua ya askofu. Ninyi hamna dayosisi. Tangu mwanzo wao katika karne ya 17 Wabaptisti wameshikilia kwamba kanisa hupatikana pale waumini waliobatizwa kwa kukiri imani yao wenyewe wanapoagana, mbele ya Mungu na wao kwa wao, kuishi na kuabudu kama mwili mmoja, na kwamba kundi hilo likishaagana halihitaji mtu mwingine wa kulikamilisha. Ukitaka kujua kanisa la Baptist lilizaliwa lini, basi, tafuta siku watu walipoagana. Wazee wenu walikuwa na busara ya kuiandika.

Ukiyapima madai yale manne kwa kipimo hicho, kila moja linapata mahali pake bila kumvunjia mtu heshima. Kikundi cha 1994 ni mimba: mimba ina heshima yake, tena bila hiyo hakuna mtoto, lakini hakuna anayehesabu umri kutoka hapo. Ubatizo wa Pasaka uliwafanya wale waliozamishwa kuwa watu wanaoweza kuagana, lakini siku ile walikuwa bado kituo cha kuhubiri chini ya kanisa mama la bara, na aliyewabatiza alikuja kwa boti akarudi kwa boti. Hapo una kazi ya kufanya mapema: liandikie kanisa mama, uombe wakutafutie katika vikao vyao azimio la kuwaachia mjitegemee. Kama walifuata utaratibu, azimio hilo lilipitishwa wiki chache kabla ya ukurasa wenu wa 1998 au baada yake, na karatasi mbili zilizoandikwa na watu wawili mbalimbali, pande mbili za bahari, zikikubaliana, mabishano yanakwisha.

Cheti cha 2003 ni kauli ya Serikali kwamba inawatambua. Kutambuliwa si kuzaliwa, ingawa msikidharau. Wakati ule Zanzibar ilikuwa na sheria yake ya jumuiya, ya mwaka 1995, na cheti kilichotolewa Dar es Salaam hakivuki bahari. Kanisa ambalo jumuiya yake imesajiliwa bara kwa miaka mingi hulazimika kujisajili hapa upya. Nyuma ya cheti kuna faili, na ndani ya faili kwa kawaida kuna katiba iliyowasilishwa, majina ya viongozi wa kwanza, anwani waliyoitumia na pengine barua ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa. Omba kuliona. Nimewahi kuona kanisa likitafuta katiba yake ya kwanza kwa miaka sita katika makabati ya wachungaji waliohama, na nakala safi ilikuwa ofisini kwa mrajisi muda wote huo.

Sasa niseme kidogo juu ya Pasaka ile, maana hapa nimejiburudisha. Umesema wazee wote wawili, yule wa 1996 na yule wa 1997, wanakubaliana juu ya mambo matatu: ilikuwa Jumapili ya Pasaka, ilikuwa saa nne asubuhi baada ya ibada, na maji yaliwafika kifuani karibu tu na ufuko, bila ya kwenda mbali. Wanapokubaliana watu wanaobishana, shika hapo. Mvuvi yeyote wa Unguja atakwambia kwamba siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi ufuko huwa mkavu; siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka, yakajaa saa tatu au saa nne asubuhi. Pasaka nayo hufuata mwezi. Mwaka 1996 iliangukia tarehe 7 Aprili, siku tatu tu baada ya mwezi mpevu, bamvua ikiwa ingali na nguvu: maji yalijaa mapema asubuhi, na ilipofika saa nne yalikuwa yamekwisha kuondoka sana, kiasi kwamba katika fukwe zetu za kina kifupi mtu angetembea mbali kabla ya kupata maji ya kifua. Mwaka 1997 iliangukia tarehe 30 Machi, siku sita baada ya mwezi mpevu, na maji yalikuwa yamejaa au ndiyo kwanza yanaanza kutoka saa ileile wanayoitaja. Mzee wa 1997 ana bahari upande wake. Huo si ushahidi wa kumtia mtu kitanzini, maana kumbukumbu ya saa nayo huteleza, lakini andika 1997 na eleza kwa nini, kisha mwachie nafasi mwenye hati ya ubatizo yenye tarehe aje akusahihishe. Hati za namna hiyo hukaa ndani ya Biblia za watu, katikati ya Zaburi, pamoja na picha za paspoti.

Swali lako la pili, la wapi pa kuanzia, ndilo gumu zaidi. Karibu kila historia ya kanisa dogo la visiwani niliyoletewa niipitie huanza na Livingstone, hupita soko la watumwa la Mkunazini, husimama kidogo penye minara ya makanisa makubwa, na kanisa lenyewe hutajwa ukurasa wa nane. Hiyo ni historia ya jirani. Ni kubwa na ina wenyewe: Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ya Waanglikana, aliyehamia Unguja mwaka 1864, soko lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza, jiwe la msingi la kanisa kuu lililowekwa Krismasi ya mwaka huohuo, na Askofu Steere aliyefariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Nyaraka za misheni hiyo zimejaa makabati huko Oxford, na nyingine zinazohusu kipindi hicho ziko hapahapa Kilimani, katika Nyaraka za Taifa Zanzibar. Ninyi hamkutoka huko, na kujipachika katika ukoo usio wenu hakuwaongezei heshima.

Lakini kuna deni moja mnalodaiwa na jirani huyo, nalo liandikwe. Steere alikaa na watu wa mji huu akajifunza Kiunguja, akachapisha kitabu cha sarufi mwaka 1870, na kazi ya kutafsiri aliyoianza ilizaa Biblia nzima ya Kiunguja mwaka 1891. Tafsiri ya muungano iliyotoka mwaka 1952, ambayo bila shaka ndiyo iliyosomwa katika kile chumba cha kupanga mwaka 1994, iliziunganisha juhudi za Unguja na za Mombasa. Sentensi mbili zinatosha: shukuru, kisha endelea.

Ukiulizwa kwa nini Wabaptisti walichelewa kufika visiwani, jibu lisiwe kwamba hapakuwa na mtu wa kuwaita. Mlango wa Ukristo hapa ulikwisha kuwa na wenyewe, na hawakuwa watu wa kuchukuliana na madhehebu yasiyo na maaskofu. Mwaka 1913, wamisheni wa madhehebu mbalimbali walipokutana Kikuyu, Kenya, kupanga namna ya kushirikiana, na Waanglikana waliokuwapo wakashiriki meza ya Bwana pamoja na wale wasio na maaskofu, aliyesimama kupinga kwa sauti kuliko wote alikuwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye aliwashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa kosa la uzushi. Kanisa la Zanzibar la enzi hizo lilikuwa la uvumba na la ungamo, na kituo cha watu wasiobatiza watoto kisingepokewa kwa furaha.

Binamu yenu alikuwako Pemba, hata hivyo, na wengi wamemsahau. Mwaka 1897, mwaka uleule Sultani alipotoa amri ya kuufuta utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, Marafiki kutoka Uingereza, wanaojulikana pia kama Wakweka, walikuja Pemba kuwasaidia walioachiwa huru, wakanunua shamba la Banani karibu na Chake Chake, kiongozi wao akiwa Theodore Burtt. Hawa hawabatizi kwa maji kabisa, si mtoto wala mtu mzima, kwa hiyo kwa jambo moja wako mbali nanyi kuliko hata Wakatoliki. Lakini hawana askofu, mambo yao huamuliwa katika kikao cha waumini wote, na kumbukumbu zao huandikwa na karani kikaoni, watu wangali wameketi. Wamebaki wachache sana Pemba mpaka leo. Ukipata nafasi ya kupanda boti kwenda Pemba, nenda uone jinsi kundi dogo sana linavyoweza kudumu kwa zaidi ya miaka mia moja bila ya jengo kubwa; utajifunza zaidi huko kuliko Mkunazini.

Ukoo wenu wenyewe ueleze kwa aya mbili au tatu, lakini usiuremberembe. Mwaka 1609 Waingereza wachache waliokimbilia Amsterdam, wakiongozwa na John Smyth, walijibatiza upya wakiamini kwamba ubatizo ni wa mwenye kukiri imani. Mwaka 1612 mmoja wao, Thomas Helwys, alirudi London na kundi dogo, akaanzisha kanisa pale Spitalfields. Aliandika kitabu akimwambia mfalme kwamba dini ya mtu ni baina yake na Mungu, na kwamba mamlaka ya dunia haina haki ya kumwadhibu mtu kwa imani yake, awe mzushi, awe Mturuki, awe Myahudi. Katika Kiingereza cha siku zile Mturuki maana yake ni Mwislamu. Helwys alitiwa gerezani Newgate, akafa mfungwa kiasi cha mwaka 1616. Ningekuwa mimi, hiyo ndiyo aya ambayo ningeiandika kwa kalamu nzito: kanisa lililozungukwa na misikiti, katika mtaa ambao jirani ndiye aliyewapa maji ya kisima, lina babu aliyekufa gerezani akidai uhuru wa dini kwa ajili ya Waislamu pia.

Aya inayofuata si tamu, na pia lazima iwemo. Wamisheni waliouleta Ubaptisti Tanganyika mwaka 1956 walitumwa na Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani, na jumuiya hiyo iliundwa mwaka 1845, pale Augusta, Georgia, kwa sababu watu wa Kusini walitaka wenye watumwa waweze kutumwa kuwa wamisheni na wa Kaskazini wakakataa. Mwaka 1995 jumuiya hiyo iliomba radhi rasmi. Katika kisiwa kilichokuwa soko la watu, huwezi kuandika juu ya utumwa wa Waarabu na Waunguja ukanyamaza juu ya huo. Msomaji makini atagundua, na akigundua hatakuamini tena hata katika mambo madogo.

Baada ya hapo uko nyumbani. Wamisheni wale walianzia Dar es Salaam, wakaenda nyanda za juu za kusini na kujenga hospitali ya kifua kikuu Mbeya. Chuo cha theolojia kikafunguliwa Arusha mwaka 1962, na makanisa ya Tanzania yakaunda jumuiya yao ya kitaifa mwaka 1971. Kuvuka kuja visiwani hakukuwa kazi ya wamisheni hasa. Makanisa mengi madogo ya kiinjili ya Unguja na Pemba yaliletwa ndani ya masanduku ya nguo: askari aliyehamishiwa kambini, muuguzi aliyepangiwa hospitali, mwalimu wa skuli, na tangu miaka ya 1990 wapishi, wahudumu na mafundi waliofuata hoteli. Muulize kila aliyekuwapo 1994 alikuja kufanya kazi gani na alishukia chumba cha nani, nawe utaona kwamba historia ya kanisa lenu ni historia ya ajira kabla ya kuwa historia ya mahubiri.

Hapo ndipo lilipo tatizo kubwa la kazi yako. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, kuagana, kwa watu wanaowekeana ahadi na kwa watu wanaopeana mkono wa kwaheri, na kanisa lenu limeishi katika maana zote mbili. Aliyetia sahihi 1998 alihamishwa Tabora 2001; mhazini wa kwanza alirudi Mbeya; mchungaji wa pili akaondoka na makabrasha akidhani ni ya kwake. Kati ya wale 17, umesema, wamebaki wanne. Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi yoyote, tafuta kumbukumbu za barua za utambulisho, zile ambazo mshirika anayehama hupewa apeleke kanisa aendalo. Nakala ya kila barua mliyoitoa inakwambia nani aliondoka, lini, na alikwenda wapi. Kila barua mliyoipokea inakwambia nani aliingia na alitoka kanisa gani. Zipange kwa tarehe juu ya mkeka na utaona kanisa likipumua, miaka ya watu sitini na miaka ya watu kumi na mmoja. Mara nyingi miaka ya watu kumi na mmoja ndiyo inayofaa kuandikwa kwa kirefu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini kanisa bado lipo.

Nirudi kwenye ukurasa wenyewe. Ni kaunta buku ya kawaida, wino wa buluu, na mwandishi amepiga mstari wa pambizo kwa mkono, si kwa rula. Azimio limechukua mistari mitano. Chini yake kuna majina 17, na mbele ya majina matano pana alama za vidole badala ya sahihi. Nimehesabu: 11 kati ya 17 ni wanawake, na alama za vidole zote tano ni za wanawake. Pembeni, kwa penseli, mtu ameandika mikate, sukari na maziwa, na jina la mwanamke mmoja, bila ya bei. Nadhani alizileta yeye. Sasa tazama rasimu uliyonitumia. Ina vichwa vinne vya habari, na kila kichwa ni jina la mchungaji. Hakuna mwanamke anayetajwa mpaka pale penye kwaya. Sisemi umefanya makusudi. Ndivyo tulivyozoea kuandika, kana kwamba kanisa ni basi na historia yake ni orodha ya madereva. Lakini katika kanisa la Baptist mchungaji huitwa na washirika na huachiwa na washirika, na kikao cha washirika ndicho chenye neno la mwisho. Andika kwa kufuata vikao, na wachungaji wataingia kwa zamu zao.

Ukienda kuwahoji wale wanne, usiulize ilikuwa mwaka gani, maana watakupa mwaka ili kukuridhisha. Uliza ilikuwa kabla ya jambo gani na baada ya jambo gani. Visiwani tuna nguzo za kutosha za kufungia kumbukumbu: uchaguzi wa mwaka 1995, wa kwanza tangu vyama vingi viliporejeshwa, mvua za El Nino za mwishoni mwa 1997 na mwanzo wa 1998, mauaji ya Januari 2001, miezi mitatu ya giza umeme ulipokatika kuanzia Desemba 2009, na kuzama kwa meli ya Spice Islander usiku wa Septemba 2011. Mtu asiyekumbuka mwaka aliochaguliwa kuwa shemasi atakumbuka kwamba siku ile walisali kwa karabai. Rikodi sauti kwa ruhusa yake, na mwache amalize. Usimsahihishe tarehe papo hapo, utamnyamazisha.

Wahoji majirani pia. Hili huwashangaza watu, lakini mzee wa Kiislamu anayekaa barazani mkabala na kiwanja chenu ameyaona yote bila ya kuwa na upande katika ugomvi wenu: lini mabati yalipandishwa, lini ukuta wa kwanza ulianguka, nani alikuja kulalamika juu ya spika. Mfikie kwa adabu, keti, umwamkie kama inavyostahili, na usianze na daftari mkononi. Huenda pia akakueleza habari ya kiwanja kuliko hati zenu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali na mtu hupewa haki ya matumizi tu, chini ya sheria ya mwaka 1992, lakini mitaani viwanja vimenunuliwa kwa karatasi ya mkono mbele ya sheha na mashahidi wawili. Karatasi hiyo ni nyaraka ya kanisa kama ilivyo Biblia ya mimbari, na kama jirani yenu alikuwa mmoja wa mashahidi, jina lake linastahili kuwamo, akikubali.

Nimesema akikubali kwa makusudi. Historia ya kanisa dogo huandikwa juu ya watu walio hai wanaokutana sokoni. Mwaka 2012 makanisa kadhaa ya Unguja yalichomwa au kuvunjwa. Andika kilichowapata ninyi kwa tarehe na kwa hasara iliyoonekana, bila kupandisha sauti, na andika vilevile kama yupo jirani aliyekuja kuzima moto au kuficha viti, maana mambo hayo hutokea na hayaandikwi. Lakini majina ya waliobatizwa wakitokea katika familia zisizopenda jambo hilo yasichapishwe bila ya idhini yao ya maandishi, hata kama yamo katika rejesta na hata kama wewe unaona ni ushuhuda mzuri. Rejesta ni ya kanisa, na maisha ni ya mtu.

Umeniuliza pia, kwa sauti ya chini, kama uandike habari ya mgawanyiko wa 2009, walipoondoka washirika 14. Andika. Kanisa lisilo na askofu likigombana halina wa kumpelekea shauri, kwa hiyo hugawanyika, na makanisa mengi ya Baptist duniani yamepatikana kwa njia hiyo. Toa tarehe ya kikao, hoja iliyokuwa mezani, idadi ya kura na idadi ya waliotoka. Usitoe sababu za moyoni za mtu yeyote. Kisha mpelekee rasimu ya sehemu hiyo mmoja wa walioondoka aisome kabla ya kuchapishwa, na kama maelezo yake yanatofautiana na yenu, yaweke yote mawili moja baada ya jingine.

Juu ya kuhifadhi nitasema machache. Usizibe mpasuko wa daftari kwa selotepu, maana gundi yake huoza na kuacha doa la kahawia. Usilaminishe cheti cha asili. Risiti za mashine, zile zilizochapwa kwa joto, hufifia zikabaki karatasi nyeupe, kwa hiyo zitolee fotokopi mwaka huuhuu. Daftari lisikae chini ya bati wala sakafuni. Hapa kwetu joto, chumvi na mchwa hufanya kazi bila ya likizo, na masika moja tu ya paa linalovuja yanatosha. Piga picha kila ukurasa mchana penye mwanga wa dirisha, zikiwemo kurasa tupu, na nakala ziwekwe kwa watu wawili wanaoishi nyumba mbalimbali. Mkishachapisha, pelekeni nakala moja Kilimani mkaombe ipokewe. Makanisa makubwa yameandikiwa historia zao na watu wa Oxford. Ninyi msipojiandikia, mwanafunzi atakayekuja kutafuta habari za Wabaptisti wa Unguja miaka hamsini ijayo atakuta cheti cha 2003, na ataandika kwamba mlianza mwaka huo.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Historia hii usiichapishe kwa idhini ya mchungaji peke yake, wala ya kamati ya sherehe. Isome yote, kwa sauti, katika kikao cha washirika, polepole, ukiwaacha wale wanne wa 1998 wakukatize wanapotaka, na masahihisho yao yaandikwe na mtu mwingine, si wewe. Ikikubaliwa, azimio la kuikubali liingie katika kaunta buku inayotumika sasa, pamoja na tarehe na idadi ya waliokuwapo. Waliokuja na mikate waandikwe kwa wino.